Tochi ya Funguo: Kabla ya Kuuliza Lumeni, Uliza Kama Itajiwasha Mkobani

Masika iliyopita umeme ulikatika nikiwa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mtoto amelala begani na kikapu cha soko mkononi. Simu ilikuwa imezima tangu niko kwenye daladala. Sikuwa na wasiwasi, maana kwenye funguo zangu ilining'inia tochi mpya ya alumini, ndogo kama kidole cha mwisho, niliyoinunua wiki tano nyuma kwa shilingi 28,000. Nikaizungusha kichwa. Giza. Nikaikaza mpaka vidole vikauma. Giza vilevile. Ngazi zilizobaki nilizipanda kwa kupapasa ukuta, moja moja, nikihesabu.

Asubuhi niliifungua kwa koleo, kwa mkono ilikataa. Betri ilikuwa imevuja. Ukoko mweupe umejaa kwenye mrija, umeng'ang'ania kwenye hesi, yaani zile nyuzi za kukazia, mpaka kwenye sahani ndogo ya shaba inayopitisha umeme. Na hiyo ni tochi ambayo kwa mkono wangu nilikuwa nimeiwasha labda mara sita. Ndipo nikakumbuka kwamba siku moja kwenye daladala niliona kitambaa cha ndani ya mkoba kinang'aa, nikadhani ni simu. Haikuwa simu. Tochi ilikuwa imejiwasha yenyewe na kuimaliza betri humo humo, haimmulikii mtu yeyote.

Nilipolisimulia jambo hili nilidhani limenipata peke yangu. Kumbe! Baba mmoja wa Tanga akaniandikia kwamba yake ilijiwasha kwenye mfuko wa suruali hadi akahisi joto pajani. Binti mmoja anayesoma Dodoma kila Jumatatu hukuta betri imekwisha, akaamini kuwa wenzake bwenini wanaitumia kwa siri. Mama mwingine amekwisha kununua tatu, zote zikafa kwa kuvuja, na muuzaji akamwambia tatizo ni betri zake. Mama, tatizo si betri zako.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia rangi, wala nani ana lumeni nyingi (kipimo cha wingi wa mwanga), wala ipi inapendeza kama zawadi. Hayo utayapata kokote. Mimi nataka tujadili jambo moja ambalo halijaandikwa kwenye boksi lolote nililowahi kushika: tochi ikikaa wiki nzima pamoja na funguo, sarafu na kitana, itabaki imezimwa?

(Nikisema kitochi humu sina maana ya simu ya kitochi. Ingawa simu hizo zina heshima yake. Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye taa kichwani, ndiyo iliyowafundisha wengi wetu raha ya kutembea na mwanga mfukoni.)

Na kwa wanaouliza simu ina tochi, hii ya nini: simu huzima, simu huporwa, na simu huwezi kuiuma kwa meno huku unatafuta fyuzi ya gari usiku. Tuendelee.

Kwa nini zinajiwasha

Tochi nyingi za funguo zinazotumia betri moja nyembamba, ile ya rimoti, hazina kitufe. Unazungusha kichwa: ukikikaza, ukingo wa mrija unagusa sahani ya ndani, mzunguko wa umeme unakamilika, taa inawaka. Ukikilegeza, inazima. Ni ufundi mzuri, hauna kitu cha kuharibika haraka. Lakini angalia umbali kati ya kuzimwa na kuwaka. Kwenye tochi nyingine ni robo ya mzunguko. Kwenye nyingine haufiki hata hapo. Sasa ifunge tochi hiyo kwenye shada la funguo sita. Kila unapopiga hatua, funguo zinaivuta na kuizungusha mkia. Funguo zimekuwa spana.

Upo na ugonjwa wa pili, na huu ndio uliokuwa kwenye tochi yangu. Hesi zilikuwa na mchezo. Hata ikiwa imelegezwa, ukiibana kati ya vidole viwili kwa kusukuma kichwa na mkia, ilimweka, yaani iliwaka ghafla na kuzima. Mkobani kuna kitu gani ambacho hakibanwi? Pochi inaikandamiza upande huu, chupa ya maji upande ule, daladala inajaa, na taa inawaka.

Mtu ataniambia basi ilegeze zaidi, zungusha mizunguko miwili. Nimejaribu. Ukiilegeza sana inaendelea kulegea yenyewe, na siku moja utabaki na mrija kwenye funguo huku kichwa na betri vimelala barabarani.

Betri kuisha lingekuwa jambo la kununua nyingine tu, ila kuna linalofuata. Taa nyeupe ya LED inahitaji takriban volti 3, na betri ya alkalini ina 1.5. Kwa hiyo kichwani mwa tochi kuna saketi ndogo inayopandisha volti, nayo hukamua betri hata ikiwa imebaki chini ya volti 1. Betri ya alkalini ikikamuliwa hivyo mpaka tone la mwisho hutengeneza gesi ya haidrojeni ndani yake. Shinikizo likizidi, kizibo chake huachia, na hidroksidi ya potasiamu inatoka nje na kuanza kula chuma. Ndiyo ule ukoko mweupe. Kwa hiyo tochi inayojiwasha inakuachia giza leo na inajiua kesho.

Namna ninavyozipima

Nachukua rangi ya kucha nyekundu. Nalegeza tochi mpaka izime, naongeza nusu mzunguko, kisha nachora mstari mmoja mwembamba unaopita kichwani na kwenye mrija, kama mstari wa kukutanishia. Naifunga kwenye funguo zangu halisi, naitupa kwenye mkoba ninaokwenda nao kazini, naiacha siku 7 bila kuigusa. Jioni ya siku ya saba naangalia mistari imeachana kiasi gani na imekwenda upande gani. Hakuna kipimo kingine kilichonisaidia kama hiki, na rangi ya kucha ya shilingi 1,500 inatosha tochi mia.

Ninayoiweka mbele: Thrunite Ti3

Nasema wazi kabisa kwamba mimi ni mpenzi wa tochi za Thrunite, na kama una haraka unaweza kuishia hapa.

Sababu yangu siyo kwamba haijizungushi. Inatumia betri moja ya rimoti na inazungushwa kichwa kama wenzake, na ukiifunga kwenye funguo nzito bila kuitayarisha nayo itazunguka. Sababu ni kwamba kila unapoiwasha inaanza na mwanga mdogo kabisa, lumeni 0.04. Ukiizima na kuiwasha upesi inapanda lumeni 12, ukirudia inafika 120. Kwenye ule mwanga mdogo, watengenezaji wanahesabu saa 115. Fikiria maana yake mkobani. Ikijiwasha Jumatatu asubuhi, Alhamisi jioni bado inawaka, na wewe utakuwa umekwisha kuiona ukaizima. Tochi nyingine ikijiwasha wakati unapanda gari, ukishuka imekwisha.

Watu hucheka wakisikia lumeni 0.04. Naomba uijaribu saa 8 usiku kwenye chumba cha mtoto aliyelala kwa tabu. Utaona chandarua, utaona chupa ya maji, utaona kama amejifunua, naye hatafumbua jicho. Ukitaka tundu la kufuli, lumeni 12 zinatosha na kubaki. Ile 120 mimi naitumia kwa mbwa wa jirani tu na mfereji ulio wazi pale kona, kwa kuwa kwa kasi hiyo betri ni ya kama nusu saa.

Kipimo cha rangi ya kucha: mkoba wa wiki moja uliisogeza kidogo kuelekea kulegea, haikuwaka. Nilipoitayarisha kwa njia nitakayoeleza chini, mstari haukusogea kabisa. Nimekwisha kununua tatu: yangu, ya mama, na ya dada yangu anayerudi usiku kutoka zamu.

Ya pili: Fenix E01, mpya au ya zamani

Fenix E01 ya zamani ilikuwa na mwanga mmoja tu, lumeni 10 kutoka kwenye LED ya kampuni ya Nichia, na waliahidi saa 21 kwa betri moja. Nilikutana nayo kwa mjomba wangu, fundi friji, imechakaa hadi rangi imetoka lakini inawaka. Mwanga wake una ubluu fulani ambao siupendi, ila heshima yake naijua: lumeni 10 zinadumu, na hata ikijiwasha usiku mzima huamki na tochi iliyokufa. Haitengenezwi tena. Ukiiona mahali kwa bei ya haki, ichukue.

Iliyorithi jina ni E01 V2.0. Ina mianga mitatu: 5, 25 na 100. Kwa lumeni 5 wanaandika saa 25. Ni tochi nzuri, ni imara, na kama haingekuwapo Ti3 ningeiweka kileleni bila kusita. Kilichoishusha ni kwamba mwanga wake mdogo kabisa bado ni mkubwa mara 125 kuliko ule wa mwenzake, na kwangu mimi tofauti hiyo ndiyo inayoamua betri itaivumilia ajali ya mkobani kwa siku ngapi.

Olight i3E EOS, kwa mtu asiyetaka mambo mengi

Mwanga mmoja tu, lumeni 90. Kaza iwake, legeza izime. Mzee wangu anaipenda kwa sababu haina la kujifunza, na siwezi kubishana naye. Lakini kwa mwanga huo betri moja haidumu. Ikijiwasha Mbagala umepata kiti cha dirishani, ukifika Posta ni chuma tupu mkononi. Ukiichagua hii, basi utepe na kamba nitakavyovieleza huko chini ni lazima, siyo mapambo.

Za kuchaji

Wengi mnaniuliza za kuchaji kwa USB, na najua kwa nini: hakuna kununua betri. Olight i1R 2 EOS ni kiduchu cha kupendeza, unazungusha kidogo unapata lumeni 5, unazungusha zaidi unapata 150. Hesabu yake ya nishati ndiyo inayonizuia. Betri yake ya ndani ni ya mAh 80 kwa volti 3.7, yaani takriban wati-saa 0.3. Betri moja ya rimoti ya kuchaji aina ya Eneloop ina mAh 750 kwa volti 1.2, karibu wati-saa 0.9. Mara tatu. Na ya rimoti ikiisha unabadilisha pale pale ulipo; ya ndani ikiisha unatafuta umeme, na kama umeme ungekuwapo usingekuwa unatafuta tochi.

Za vitufe nazo zina kesi yake. Nitecore Tube ya kwanza ina uzito wa gramu 9.6, ganda la plastiki ngumu, lumeni 45 na mwanga mdogo wa lumeni 1. Kwenye funguo huisikii. Ila ni kitufe, na kitufe mkobani hubonyezwa na chochote. Ndugu yake Nitecore TIP, ya lumeni 360, ina jambo ambalo sijui kwa nini wauzaji hawalitaji: ina namna mbili za kufanya kazi, na mojawapo hujizima yenyewe baada ya sekunde 30. Hilo ndilo wazo la mtu aliyewahi kubeba mkoba. Ukiinunua, iache kwenye namna hiyo.

Maglite Solitaire wengi wetu tuliiona kwa wajomba waliotoka safari. Imekuwapo tangu 1988, ya kwanza ilitoa kama lumeni 2 kwa balbu ya uzi, ya LED sasa ni 47. Ni ndefu mno kwa funguo. Basi.

Za bei rahisi

Vile vya betri za kidonge vinavyobanwa kwa vidole, shilingi elfu moja au mbili, vinafaa kwa tundu la kufuli na kwa mtoto kuchezea chini ya uangalizi, maana kidonge kikimezwa ni hatari kubwa. Vyenye mwanga wa zambarau vinawafaa wenye maduka kukagulia noti. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Kuitayarisha kabla ya kuifunga kwenye funguo

Hapa ndipo tochi ya kawaida inapogeuka kuwa tochi ya kutegemea, na gharama yake haifiki hata shilingi 5,000.

Kwanza, futa hesi kwa kitambaa kikavu hadi ziache kutoa weusi. Halafu chukua ule utepe mweupe wa fundi bomba. Kata kipande chembamba na uzungushe kwenye hesi za mrija raundi moja na nusu, kwa kufuata upande wa kukazia ili usijikunje. Usifunike ule ukingo wa juu wa mrija unaong'aa: umeme unapita hapo, ukiufunika tochi haiwaki na utanilaumu bure. Utepe unaondoa ule mchezo na kufanya kichwa kizunguke kwa uzito. Ukiweka nyingi utahitaji mikono miwili. Punguza mpaka iweze kuzungushwa kwa gumba na kidole cha shahada.

Pili, oringi, ile pete nyeusi ya mpira. Ikiwa kavu inakatika, na ikikatika tochi inalegea na kuingiza maji. Ipake grisi ya silikoni kiasi cha kichwa cha kiberiti. Mafuta ya mgando ya kujipaka usiyatumie, kuna mipira inayovimba nayo.

Tatu, na hili ndilo watu hawalifanyi: usiifunge tochi moja kwa moja kwenye shada. Weka kipande cha kamba imara, urefu wa kidole, kati ya tochi na pete ya funguo. Kamba inajipinda badala ya tochi kuzunguka. Funguo zinabaki funguo, spana imekwisha kazi. Kwenye kipimo changu cha rangi ya kucha, kamba peke yake ilisaidia kuliko utepe peke yake, na vyote viwili pamoja vikalimaliza tatizo kwenye tochi nne kati ya tano. Ya tano ilikuwa na hesi za mchezo kama yangu. Ya namna hiyo haiponi.

Betri: weka za kuchaji za NiMH. Zinavuja kwa nadra sana ukilinganisha na alkalini. Na usidanganywe na kijana atakayekuuzia betri ya 10440 eti itaongeza mwanga. Kwa umbo inafanana kabisa na ya rimoti, lakini ikijaa ina volti 4.2, na tochi isiyotengenezwa kwa ajili yake inaweza kuungua ndani ya dakika. Soma karatasi iliyokuja na tochi. Kama haijaitaja 10440, jibu ni hapana.

Kama yako imekwisha vuja na bado inafunguka, chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, futa ule ukoko, ambao ni alkali na asidi hafifu huuvunja nguvu, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na uiache ikauke kutwa nzima. Vaa glavu. Nilimwokolea hivyo jirani tochi mbili. Yangu ilikuwa imekwisha liwa.

Sasa wauzaji

Niliirudisha tochi yangu dukani nilikoinunua, na risiti. Kijana aliyeniuzia, yule aliyeniambia "dada'angu, hii ni orijino kabisa," hakuitazama hata mara moja. Alininyooshea kidole kwenye bango lililobandikwa juu ya kaunta: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwonyesha hesi, nikamwonyesha inavyomweka ikibanwa, kwa sababu anayo nyingine mpya ile ile kwenye kabati na yenyewe ilimweka. Akasema hizo zote ziko hivyo. Zote ziko hivyo, na anaendelea kuziuza!

Hilo limenikaa kooni. Boksi lake limeandikwa lumeni 3,000. Tochi ya betri moja ya rimoti! Kuna kanuni ya upimaji inayojulikana, ANSI FL1, ambayo ilitoka Marekani mwaka 2009. Inataka mwanga upimwe baada ya sekunde 30 za kuwaka, si ule mmweko wa kwanza, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Kampuni zinazojiheshimu huweka alama zake kwenye boksi. Boksi lisilo na alama hizo linaweza kuandika lumeni milioni, karatasi haina aibu. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi, na bado nimezunguka maduka manne ya Kariakoo nikakuta tochi ile ile kwa bei nne, kuanzia shilingi 15,000 hadi 40,000, kutegemea umevaaje na umeuliza kwa sauti gani. Mtu anayerudi usiku kwa miguu ndiye anayelipia haya.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na betri yako ya rimoti mkononi ili usiambiwe kwamba ya kujaribia haipo. Itie, ikaze iwake, ilegeze izime, kisha ongeza nusu mzunguko. Ibane kichwa na mkia kati ya gumba na kidole, kwa nguvu, ukiikinga na mwanga wa dukani kwa kiganja. Itikise karibu na sikio. Ikimweka hata mara moja, mrudishie. Akikukataza kuifungua kabla hujalipa, mrudishie na boksi lake.